Seminari ya Buta: Shule Iliyokataa Kugawanyika



Masomo ya uraia kwa kawaida huanza na katiba, bunge na bendera. Leo ninakuomba tuanze na bweni la shule. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika bweni la Seminari Ndogo ya Buta, shule ya sekondari ya Kanisa Katoliki iliyoko kusini mwa Burundi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu upande mmoja, Watutsi upande wa pili. Wanafunzi walikataa. Arobaini kati yao waliuawa.

Habari hii inajulikana sana katika nchi yetu, na kila mwaka wanafunzi hao hukumbukwa kwa ibada. Hata hivyo, mara nyingi husimuliwa kana kwamba ujasiri ule ulishuka ghafla kutoka mbinguni asubuhi hiyohiyo. Katika makala haya ninataka uone jambo lililotangulia: vijana wale walikuwa wamejifunza kukataa. Walijifunza darasani, bwaloni, uwanjani na kanisani, kwa muda wa zaidi ya miaka 3, wakati nchi nzima ilikuwa ikijifunza kinyume chake. Ukielewa walivyojifunza, utaelewa pia kwa nini shule ni mahali pa kwanza pa uraia.

Buta ni wapi, na seminari ndogo ni nini?

Buta iko katika milima ya Bururi, upande wa kusini mwa Burundi, juu ya nchi tambarare inayoteremka hadi Rumonge na Ziwa Tanganyika. Huko chini ziwani Kiswahili kimesikika kwa vizazi vingi, kwa sababu ya wavuvi na wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kongo na Tanzania. Huko juu milimani ni nchi ya ng'ombe, baridi na Kirundi.

Bururi ina uzito wa pekee katika historia ya Burundi. Marais watatu waliotawala kwa kufuatana, Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya, wote walizaliwa Rutovu, katika eneo hilohilo la Bururi. Kwa hiyo kijana aliyesoma Buta hakusoma pembezoni mwa siasa. Alisoma karibu kabisa na kitovu chake.

Seminari ndogo ni shule ya sekondari ya bweni ambamo Kanisa huwalea wavulana wanaofikiriwa kuwa huenda wakawa mapadri siku moja. Wengi wao hawawi mapadri. Huwa walimu, waganga, wanasheria, wanajeshi au wafanyabiashara. Kiongozi wa seminari huitwa gambera. Kengele ndiyo mtawala wa siku: kuamka, sala, darasa, chakula, kazi za mikono, michezo, kujisomea, kulala. Wanafunzi hawachagui wa kulala naye jirani wala wa kula naye meza moja. Kwa mtu wa nje, utaratibu huo ni mambo madogo. Wewe yashike akilini, maana tutayarudia.

Shule katika nchi iliyojaa hofu

Ili uelewe thamani ya yaliyotokea Buta, yakupasa kujua shule ilikuwa na maana gani kwa Warundi wa wakati ule.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza kusini mwa nchi, hasa kando ya ziwa, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ya Micombero ilijibu kwa kisasi kisichokuwa na kipimo. Wahutu waliosoma ndio waliowindwa kwanza: walimu, watumishi wa serikali, mapadri, wanafunzi wa vyuo na hata wa sekondari. Wengine waliitwa kwa majina, wakatolewa madarasani na kupandishwa katika malori, wasionekane tena. Idadi ya waliouawa mwaka ule hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Baada ya hapo, kuna wazazi Wahutu walioogopa kumpeleka mtoto shuleni, kwa kuwa kalamu ilikuwa imegeuka kuwa sababu ya kuuawa.

Katika miaka ya 1980 hofu iliendelea kwa njia ya kimyakimya. Warundi wengi husimulia kwamba karatasi za mtihani wa kuingia sekondari ziliwekwa alama ya siri, herufi U kwa Mhutu na herufi I kwa Mtutsi, ili msahihishaji ajue anayemsahihisha ni nani. Mtoto alikuwa akihesabiwa kabla hajasomwa.

Kisha ukaja mwaka 1993. Mwezi Juni, Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais, Mhutu wa kwanza kushika kiti hicho na rais wa kwanza kuchaguliwa na wananchi. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimuua. Nchi ikawaka moto. Katika shule ya Kibimba, katikati ya nchi, makumi ya wanafunzi Watutsi walikamatwa, wakafungiwa ndani ya jengo na kuchomwa. Mwezi Juni 1995, zamu ikawa ya wanafunzi Wahutu waliouawa katika Chuo Kikuu cha Burundi mjini Bujumbura. Julai 1996 jeshi lilitwaa madaraka, na Septemba mwaka huohuo Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega aliuawa akiwa safarini.

Tazama mfululizo huo, ndugu msomaji. Watoto wa pande zote mbili walikuwa wameshajifunza kwamba mwenzako wa darasani anaweza kuwa ndiye atakayekuua, au ndiye atakayekutaja kwa wauaji. Hilo ndilo somo ambalo nchi ilikuwa ikiwafundisha.

Maisha ya pamoja baada ya Oktoba 1993

Buta haikuwa kisiwa. Wanafunzi walisikia habari redioni kama watu wengine. Wapo waliopokea habari kwamba wazazi au ndugu zao wameuawa, na waliowaua walikuwa wa kabila la rafiki anayelala kitanda cha jirani. Vikundi vilianza kuundwa, Wahutu kwa Wahutu, Watutsi kwa Watutsi. Minong'ono ikaongezeka.

Gambera wa miaka hiyo alikuwa Padri Zacharie Bukuru, ambaye baadaye aliandika kitabu kwa Kifaransa kuhusu wanafunzi wake. Yeye na wenzake walikuwa na njia mbili mbele yao. Njia ya kwanza ilikuwa kunyamaza: kukataza neno Mhutu na neno Mtutsi, na kuwaambia vijana wasali na wasome. Shule nyingi zilifuata njia hiyo, na haikuwa njia ya watu wabaya. Mwalimu hunyamaza akitumaini kwamba jambo lisilotajwa litakufa lenyewe. Lakini wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Buta ilifuata njia ya pili, nayo ni kuzungumza. Wanafunzi walikutana na walezi wao wakajadili historia ya nchi, siasa za vyama, mauaji ya 1972 na ya 1993, na hofu waliyokuwa nayo wao kwa wao. Mhutu aliweza kusema kinachomuumiza mbele ya Mtutsi, na Mtutsi akafanya vilevile. Mazungumzo ya namna hiyo si matamu. Huanza kwa kushutumiana, kwa sababu kila mmoja huja akiwa na wafu wake. Ni kwa kurudiwa mara nyingi tu ndipo mtu hugundua kwamba mwenzake naye ana wafu.

Maneno hayo yaliambatana na matendo. Vijana walicheza ngoma pamoja, walicheza mpira katika timu zilizochanganywa, walifanya kazi za mikono na kusali pamoja. Hapo ndipo yale mambo madogo ya kengele, meza na kitanda yanapopata maana. Ni vigumu kumwita nyoka mtu uliyemwona akiugua malaria usiku na ukampelekea maji. Ni vigumu pia kuamini kwamba kabila zima ni moja kwa tabia, ikiwa umekwisha kujua kwamba katika meza yako yuko Mtutsi mchoyo na Mtutsi mkarimu, Mhutu mvivu na Mhutu mchapakazi. Maisha ya pamoja yaliwarudishia vijana uwezo wa kumwona mtu mmojammoja. Vita hutaka uone makundi.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997

Miaka 25 na siku moja tangu uasi wa 1972 uanze katika eneo hilohilo la kusini, wapiganaji walivamia Buta. Walikuwa waasi waliokuwa wakipigana na jeshi la serikali, na wengi huwataja kuwa wa kundi la CNDD. Waliingia katika bweni la wanafunzi wa madarasa ya juu, vijana ambao wengi wao walikuwa bado hawajafikia umri wa miaka 25. Pasaka ilikuwa imepita mwezi mmoja tu kabla.

Amri ilitolewa wajitenge. Fikiri kidogo juu ya amri hiyo. Wavamizi hawakuweza kuwatambua kwa kuwatazama. Warundi huzungumza lugha moja, huishi katika milima ileile, na vijana wale walivaa na kula sawa. Muuaji alihitaji msaada wa wanafunzi wenyewe ili ajue wa kumuua. Kila Mhutu aliyekuwamo bwenini angeweza kuokoa maisha yake kwa kupiga hatua chache kuelekea upande mmoja. Hatua hizo chache ndizo walizokataa kupiga. Walibaki pamoja, wengine wakishikana mikono, na kwa sababu hawakugawanyika, walipigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono bila kubaguliwa. Walikufa Wahutu, walikufa Watutsi. Wengine wengi walijeruhiwa.

Walionusurika wamesimulia kwamba baadhi ya waliokuwa wakikata roho waliwaombea wauaji wao msamaha. Wengine wangeweza kukimbia lakini walibaki kuwahudumia wenzao waliojeruhiwa. Sitaongeza maneno juu ya hayo. Nitasema tu kwamba kwa upande wa silaha, siku ile wavamizi walishinda. Kwa upande wa lile walilolitaka, yaani kumfanya mwanafunzi amkabidhi mwanafunzi mwenzake, walishindwa.

Jirani yetu Nyange

Wiki 6 kabla ya Buta, jambo linalofanana na hilo lilitokea Rwanda. Jioni ya tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi hiyo, walikuwa wakijisomea. Wapiganaji waliingia na kuwaamuru wajitenge, Wahutu na Watutsi. Wanafunzi wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Waliuawa wanafunzi 6, na wengine wakajeruhiwa. Leo taifa la Rwanda limewaweka wanafunzi wale wa Nyange, waliokufa na waliopona, katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, na huwakumbuka kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa.

Ninakutajia Nyange kwa sababu nyingine pia, nayo ni chungu. Miaka 3 tu kabla ya hapo, Aprili 1994, Watutsi wapatao 1,500 au zaidi waliokimbilia katika kanisa la parokia ya Nyange waliuawa, na kanisa likabomolewa juu yao kwa tingatinga. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, mwaka 2008.

Kwa hiyo tusijidanganye. Jina la Katoliki likiandikwa juu ya lango halimfanyi mtu kuwa ndugu wa mwenzake, wala msalaba ukutani hautoshi. Mahali pamoja, imani moja, na vitendo viwili vinavyopingana kama mchana na usiku. Tofauti haikutoka katika jina la taasisi. Ilitoka katika yale ambayo watu walikuwa wakiyatenda kila siku kabla ya saa ya hatari kufika.

Buta leo

Seminari ya Buta ingali ipo, na vijana wanaendelea kusoma hapo. Wale 40 wamezikwa palepale, makaburi yao yakiwa yamepangwa pamoja bila kutenganishwa, karibu na kanisa lililowekwa chini ya Bikira Maria Malkia wa Amani. Mahujaji hufika kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Padri Bukuru mwenyewe alichagua maisha ya kimonaki, na monasteri ya Wabenedikto ilianzishwa Buta.

Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri. Lakini halikuwaweka wanafunzi hao 40 peke yao. Waliunganishwa na Padri Michel Kayoya, mshairi na mwanafalsafa Mhutu aliyeuawa Gitega mwaka 1972, na wamisionari 3 Waitaliano, Ottorino Maule, Aldo Marchiol na Catina Gubert, waliouawa Buyengero, katika jimbo la Bururi, mwaka 1995. Wote kwa pamoja ni 44. Kayoya aliuawa katika kisasi cha serikali, wanafunzi wakauawa na waasi walioipinga serikali. Katika nchi ambayo kila upande hupenda kuwalilia wafu wake tu, kuwaweka watu hao katika orodha moja ni tendo la kiraia, hata kwa msomaji asiyekuwa Mkatoliki.

Sheria inayohesabu na bweni lililokataa kuhesabu

Nifikie sasa swali ambalo wanafunzi werevu huniuliza. Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 chini ya upatanishi wa Nelson Mandela, aliyechukua kazi iliyoachwa na Mwalimu Nyerere, uliweka msingi wa kugawana madaraka. Katiba ya 2005 ikafuata: katika serikali na Bunge, Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, katika Seneti, nusu kwa nusu, katika jeshi, kabila lolote lisizidi nusu, na Watwa watengewe viti. Ikiwa vijana wa Buta ni mfano wetu, mbona sheria inahesabu kile walichokataa kihesabiwe?

Swali ni zuri, na jibu langu ni hili. Ziko namna mbili za kuhesabu. Ipo ya kuhesabu ili kumtoa mtu, kama zile alama za U na I zinazosimuliwa, au ile amri ya bwenini. Na ipo ya kuhesabu ili asiachwe mtu nje kwa sababu ya hofu. Sheria ya Arusha ilitungwa kwa ajili ya watu ambao bado hawakuaminiana. Ni kama plasta juu ya mfupa uliovunjika: huwezi kuitoa mapema, na huwezi kuivaa maisha yako yote. Katiba ya 2018 yenyewe iliipa Seneti muda wa miaka 5 kutathmini kama mgawo huo uendelee au ukome. Mjadala huo ni wa kizazi chako. Ila kumbuka kwamba mfupa hauungwi na plasta. Plasta huushikilia tu hadi uunge wenyewe. Kazi ya kuunga hufanyika mahali kama Buta: wanapokula watoto pamoja, wanapoambiana ukweli, na wanapojifunza kulala bila kumwogopa jirani.

Wapo wanaosema kuwasimulia vijana habari hizi ni kutonesha kidonda. Ninawaelewa, kwa kuwa wengi wao ndio wenye kidonda chenyewe. Lakini mtoto asiposimuliwa na mwalimu wake mbele ya wenzake wote, atasimuliwa jioni na mtu mmoja, upande mmoja, kwa sauti ya chini. Samaki mkunje angali mbichi, na atakayekuwa wa kwanza kumkunja ndiye atakayempa umbo.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, usiwatazame vijana wa Buta kama malaika wasiofanana nawe. Walikuwa wanafunzi wa sekondari. Walilalamikia chakula cha bwaloni, walichoshwa na hisabati, walisubiri likizo. Walichokuwa nacho kuliko wengi wetu ni mazoezi. Walikuwa wamefanya mazoezi ya udugu siku nyingi ambazo hakuna aliyewatazama, hata ilipofika siku ambayo dunia yote ingewatazama, hawakuhitaji kufikiri upya.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini wavamizi waliwahitaji wanafunzi wajitenge wenyewe? Jambo hilo linatufundisha nini kuhusu nguvu ya raia wa kawaida?
2. Shule ya Buta ilichagua kuzungumza badala ya kunyamaza. Katika shule yako, ni jambo gani linalowagawa wanafunzi lakini halizungumzwi? Ungependa lizungumzwe kwa utaratibu gani?
3. Je, mgawo wa madaraka kwa makabila ungefaa uendelee au ukome? Toa hoja 2 za kila upande kabla ya kutoa msimamo wako.
4. Andika insha ya aya 4 kuhusu mtu au kikundi cha jirani zako waliokataa kugawanyika.

Msamiati

*Gambera*: mkuu wa seminari.
*Bwalo*: ukumbi wa kulia chakula shuleni.
*Mwenye heri*: mtu ambaye Kanisa Katoliki limemtambua rasmi kuwa mfano wa utakatifu, hatua moja kabla ya kutangazwa mtakatifu.
*Tingatinga*: mtambo mkubwa wa kubomolea majengo na kusukumia udongo.
*Kutonesha*: kugusa kidonda hata kikaanza kuuma upya.
*Kuumbua*: kufichua aibu au siri ya mtu.

Soma makala haya kwa sauti, wewe na mwenzako, aya kwa aya. Kisha jadilianeni maswali kabla ya kuyaandika.